Mabango ya zamani ya adabu za safarini, wiki ya sita sasa yako ukutani ofisi ya tiketi hapa Malindi

Mie nakata tiketi za matatu hapa Malindi, gari za Mombasa, na mbele ya dirisha langu pana mabenchi matatu wanapokaa abiria kungoja gari ijae. Tangu nibandike zile katuni ukutani hakosi mtu kila siku wa kuniuliza dada zile picha umezitoa wapi, ni pesa ngapi, wale ni kina nani, sasa nimeona bora niandike mara moja, akiuliza mtu namtumia asome mwenyewe. Na ntasema yote, yaliyonifurahisha na yaliyoniudhi.

Ni seti ya picha saba, sita ni mabango ya saizi A3 na moja ni stika ndogo kama kiganja. Ni nakala za katuni za zamani za London, New York, Tokyo na Paris, zile zilizokuwa zikibandikwa kwenye treni na mabasi na steshenini kuwaomba abiria wawe na adabu, yaani mambo yaleyale yanayotusumbua sie hapa, mtu kutanua miguu, kutupa taka, kupiga kelele, kuziba mlango. Nlinunua kwa duka moja la mtandaoni la Nairobi, shilingi 2,800, na 300 ya parseli kwa basi la usiku. Zilikuja ndani ya mrija wa karatasi ngumu na mrija wenyewe umepondwa upande mmoja, kufungua hivi nkakuta bango la New York lina mkunjo, tena haswa pale penye picha yenyewe. Nikapiga picha nikawatumia palepale, wakanambia pole dada tutakuletea lingine, hadi leo sijaona kitu na simu wanapokea wakitaka. Hilo limeniuma sababu kazi yenyewe wameifanya vizuri, karatasi nzito, rangi haijafifia, mistari imetoka safi kabisa hata ukisogeza macho karibu.

Kwa nini nkanunua. Ukuta ule zamani ulikuwa na maandishi matupu ya rangi nyekundu, USITEME MATE, USITUPE TAKA, MZIGO WAKO NI JUKUMU LAKO, miaka nenda miaka rudi, na chini ya lile la taka ndipo palipokuwa na taka nyingi kuliko kote. Ndani ya gari ni vivyo hivyo. Sheria za matatu za 2004, za yule waziri wa uchukuzi Michuki, zilituletea mikanda, gavana za spidi ya 80 na ule mstari wa manjano ubavuni mwa gari, na mie nazishukuru, lakini hakuna sheria ya kumkataza mtu kuweka simu laudspika toka Malindi hadi Mombasa, kilomita kama 120, gari zima mnasikiliza ugomvi wake na mkewe. Askari wa barabarani hapo atakusaidia nini? Na makanga akimwambia punguza atajibiwa kwani nauli nimelipiwa na wewe. Nlikuwa natafuta kitu cha kusema nao bila kuwatukana, na kwa hilo pesa yangu sijaijutia.

Nianze na ninalolipenda kuliko yote. Kina mama wawili wamekaa kwenye basi wanapiga soga, vichwa vimeinamiana, na siti ya nyuma yao wamekaa Hitler, yule dikteta wa Ujerumani, na Göring mkubwa mwenziwe, wametulia tuli kama abiria wengine, wanasikiliza. Basi, hakuna kingine, nyuma yao ni weupe mtupu. Aliyechora alijiita Fougasse, jina lake hasa ni Cyril Kenneth Bird, Mwingereza aliyeumia vibaya Vita vya Kwanza vya Dunia, kule Gallipoli nchi ya Uturuki, 1915 akageukia kuchora wakati wa kuuguza jeraha, na hilo jina la Fougasse ni la aina ya bomu la kufukiwa chini. Bango hili ni la 1940, Vita vya Pili, moja katika manane ya serikali ya kuwaonya watu wasitoe siri za vita hadharani, na alijitolea kuyachora bila malipo. Kwa hiyo ukisema ukweli si bango la adabu za basi, ila wenye duka wamelitia kwenye seti na mie nawaunga mkono, sababu ukiliangalia wewe abiria wa matatu hufikirii vita, wafikiria zile habari za watu ulizozitoa asubuhi kwa simu na wote waliokuwa nyuma yako.

Wiki ya kwanza tu alikuja bibi mmoja wa Mambrui, kavaa buibui lake, kashika kikapu cha maembe, akalitazama lile bango muda mrefu kisha akaniita, mwanangu, hawa wasengenya nini na hao wanaume nyuma ni kina nani? Nikatoka nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mbavu. Sasa pembeni yake palikuwa na kijana ana simu mkononi, laudspika, anazungumza deni la mtu kwa jina na kiasi, bibi hakumwambia neno, alinyanyua kidole tu akamwonyesha bango, tena polepole, akamwonyesha yule Hitler na kisha akajionyesha yeye mwenyewe kifuani. Yule kijana alitazama, akatazama mabenchi, simu ikaenda sikioni na sauti ikashuka. Hakuna aliyeaibika na hakuna aliyegombana.

Pale ndo nlipoelewa hizi picha zinafanya kazi vipi, na ajabu ni kwamba sie watu wa pwani tungepaswa kulijua kabla ya wote. Si ndo kazi ya kanga? Mwanamke hamfuati jirani mlangoni kumwambia una mdomo, anavaa kanga yake yenye jina linalosema hivo, anapita zake kwenda dukani, na aliyekusudiwa anasoma mgongoni. Akitaka kujibu naye ananunua yake. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Fougasse alikuwa anafumba. Anakuchorea mtu mwingine ambaye si wewe, unamcheka, na ukishamaliza kucheka unajikuta umeshika magoti yako unayarudisha ndani.

Ndo maana katika hizi saba kuna moja ambalo kwangu limeshindwa, nalo ni la Billy Brown. Huyu ni bwana wa kuchorwa, kofia ya duara, mwavuli, nadhifu sana, wa shirika la usafiri la London wakati huohuo wa vita, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha abiria kwa vijishairi vya vina. Mchoraji wake ni David Langdon. (Ile karatasi ya maelezo iliyokuja na seti imeandika kwamba mabango yote ya London ni ya Fougasse, si kweli, na duka linalouza vitu vya historia halifai kukosea jambo kama hilo, nimewaandikia walirekebishe.) Kwenye hili bango kuna abiria anabandua wavu uliogundishwa kwenye kioo cha dirisha ili aone nje. Ule wavu uliwekwa sababu London ilikuwa inapigwa mabomu na kioo kikipasuka vigae visiwarukie watu. Billy Brown anamtokea pale anamkosoa, kwa upole lakini anamkosoa, mbele za watu. Jambo analosema ni la haki kabisa, ni la kuokoa macho ya mtu, lakini anavyolisema! Mtoto mmoja wa darasa la tano alimtazama akaniuliza, huyu ni mwalimu wao? Na watu wa London wenyewe walimjibu, mtu alichukua kalamu akaandika chini ya lile shairi vina vyake yeye, maana yake asante kwa maelezo bwana lakini mimi hapa sioni hata steshini yangu, na jibu lile lilienea likawa maarufu kama bango lenyewe. Kanga imejibiwa kwa kanga. Sisemi usilinunue, seti hawaiuzi nusunusu vilevile, ila mie nimelibandika mlangoni kwa ndani ambapo nalisoma mwenyewe, linikumbushe nisiwe Billy Brown kwa abiria wangu.

Lile jingine la Fougasse ni la ngazi za umeme, kwamba ukisimama usimame kulia wenye haraka wapite. Limechorwa vizuri ila Malindi hatuna ngazi hizo na abiria wanalipita bila kulitazama. Nimempa mpwa wangu akalibandike chumbani.

La New York, lile lenye mkunjo, ni la Amelia Opdyke Jones, alikuwa anatia sahihi Oppy, na ndo mwanamke peke yake katika mabango sita haya. Kule ndani ya treni za chini ya ardhi palikuwa na kitu kinaitwa The Subway Sun, kimepangwa kama ukurasa wa mbele wa gazeti lakini ni bango, kilianza 1918, na Oppy akawa anakichora toka 1946 hadi 1966. Miaka ishirini mtu mmoja anawaambia watu wa mji ule wasiteme mate na wasizibe mlango, na hakuchoka, katuni zake zina uchangamfu hadi leo. Inasemwa yeye ndo aliyelieneza lile neno la Kiingereza la mtu anayetupa taka, la kumwita mdudu wa takataka. Mie chini yake nimebandika kikaratasi kwa Kiswahili, MDUDU WA TAKA ANASAFIRI NA NANI LEO? Hapa kwetu mdudu huyo tunamjua, anaacha gunzi la hindi chini ya siti, mbegu za mabuyu nyekundu zimeganda kwenye mkeka wa gari, vijiti na majani ya muguka, chupa ya soda inabingirika toka nyuma hadi kwa dereva kila gari ikifunga breki, na hilo la chupa ni hatari sababu ikiingia chini ya pedali ni maafa. Yule kijana anayetuoshea gari anasema taka zimepungua, sijapima, nasema alivonambia.

Sasa Tokyo. Haya mawili yakiuzwa peke yake ningenunua tena kesho. Mchoraji wake ni Hideya Kawakita, na la kwanza ni la 1976, mtu kajitanua kwenye siti yuko kama dikteta, ni yule Chaplin wa sharubu, mchekeshaji wa sinema za zamani, alipoigiza dikteta, na ujumbe ni kuwa anayehodhi siti ni dikteta mdogo. Hebu fikiria mtu alikaa akawaza, huyu anayetanua mapaja kwenye treni ya asubuhi nimfananishe na nani, akampata! Hana haja ya maelezo. Nimeandika chini yake, SITI NI YA WOTE, JIKUNJE MWENZIO AKAE. La pili ni la 1982, lina madubwana matatu ya kwenye treni, moja ni la usingizi linawaangukia wenziwe, moja ni la miguu limeinyoosha hadi njiani, na moja ni la gazeti limelifungua gazeti lote hadi usoni kwa jirani. Maandishi ni ya Kijapani na duka halikuweka tafsiri hata ya mstari mmoja, hilo nawalaumu, lakini kwa hili la madubwana haikuhitajika.

Nimekaa dirishani nikawatazama abiria wanavolitazama hili. Kwanza wanacheka, kisha wanaanza kugawana. Wewe ndo huyu wa usingizi. Na wewe huyu wa miguu. Juzi palikuwa na familia inaenda Kilifi harusini, mume kakaa benchi la katikati kajimwaga, begi kaweka siti ya pili, mke kasimama na mtoto mgongoni. Binti yao wa miaka kama saba akasema kwa sauti, baba angalia wewe hapo! Kimya. Mie nikajua leo ni leo. Yule bwana alitazama ukutani, akatazama miguu yake, kisha akaitoa begi akaiweka chini na akasogea, na mkewe akakaa akamshusha mtoto mapajani, na hawakusemeshana ila nilimwona mama anamfunika binti yake kwa mtandio kucheka huko ndani. Lile la maandishi mekundu miaka yote halijawahi kumtoa mtu begi kwenye siti.

Gazeti hapa hakuna anayelifungua garini siku hizi, ni simu, lakini watu wanalielewa hivohivo. Kuna mvuvi mmoja alinambia dada hawa wa Japani wamesahau dubwana la nne, la ng'onda. Ni kweli, samaki mkavu kwenye gari iliyofungwa vioo saa nane mchana, hata mwenyewe anajua, ila ni riziki yake anaipeleka sokoni, hapo ndo pagumu. Nlimwambia akija mchoraji tutamchorea na hilo, ila achorwe kafunga vizuri kwenye karatasi na ndoo yenye kifuniko.

Stika ni ya sungura wa Paris, yuko kwenye milango ya metro yao tangu 1977, anatia mikono kwenye mlango inabanwa. Watoto wanampenda kupita kiasi, ila wanashangaa, sababu sungura wa hadithi zetu ndo mjanja wa wote, anamdanganya fisi anamdanganya simba, huyu wa Ufaransa kabanwa vidole. Mtoto mmoja alibishana nami akasema haiwezekani, labda ni fisi kavaa masikio. Nilitaka kuibandika kwenye mlango wa kusukuma wa gari moja, makanga akakubali, sasa iko pale karibu na komeo na mama mwenye mtoto hahitaji kuambiwa mara mbili toa mkono. Gundi yake imekaa vizuri hata gari ikioshwa kila siku.

Mambo ya kuangalia ukitaka kununua. Hewa ya bahari italimaliza hili karatasi, wiki ya pili tu pembe zilianza kujikunja na selotepu ikaachia, nkaenda mjini nkayapiga laminesheni, mia na hamsini kila moja, nayo ina ubaya wake, saa kumi jua likipiga ukuta yanang'aa na mtu wa benchi la kwanza haoni kitu. Ukiwa na uwezo tia kwenye fremu yenye kioo kisichong'aa. Usibandike yote saba pamoja, mie nlifanya hivo nikaona watu wanayapita kama matangazo ya uchaguzi, sasa nimeacha mawili mawili na nabadilisha kila Jumamosi. Na uandike Kiswahili chini, maneno machache, herufi kubwa, sababu Kiingereza cha wakati ule kimejaa vina na mzaha wa kwao, na Kijapani ndo usiseme. Waulize mapema kama watatuma kwa mrija wa plastiki.

Nyota nawapa nne, ya tano wataipata bango la New York likifika.

Kuna jambo limetokea Jumanne nataka nilitaje. Nilifungua ofisi asubuhi nkakuta chini ya lile la dikteta wa Tokyo, pale nilipoandika jikunje mwenzio akae, mtu kaandika kwa biki ya buluu, hati nzuri kabisa ya mtu aliyesoma: NIJIKUNJE VIPI NA SITI YA WATATU MUSHATUTIA WANE? Moyo ulinipiga sababu ni kweli, jioni watu wakiwa wengi gari zetu zinaweka kibao kati ya siti na mie mwenyewe ndo nakata hizo tiketi za kibao nikiambiwa. Sikulifuta. Nlimwita makanga wa gari ya saa nane nikamwonyesha, akasoma, akasoma tena, akaniuliza kaandika nani, nikamwambia sijui ila kaandika haki. Siku hiyo sikukata tiketi ya kibao hata moja. Gari ya saa nane ilitoka na abiria 14, nimewahesabu mwenyewe dirishani.